Muhuri wa Thibaud na Mzabibu wa Kupro: Maswali ya Wasomaji

Toleo lililopita lilikuwa na maelezo mafupi juu ya Comtes de Champagne, shampeni ya heshima ya nyumba ya Taittinger mjini Reims, Ufaransa. Tulisema jina hilo maana yake ni watawala wa Champagne, na kwamba mpanda farasi aliye kwenye muhuri wa chupa ni Thibaud IV, aliyelitawala jimbo hilo karne ya 13. Maswali yaliyofuata mengine ni ya historia, mengine ni ya mezani. Tumeyajibu yote kwa mkupuo mmoja.

Nimesoma kwamba zabibu ya Chardonnay ililetwa Ufaransa na huyo Thibaud akitoka Vita vya Msalaba, eti aliuchukua mche Kupro akaupanda Champagne. Ni kweli, au ni maneno ya wauza divai?

Ni ngano, ila ni ngano iliyosimama juu ya safari ya kweli. Thibaud alizaliwa Troyes mwaka 1201, siku chache tu baada ya baba yake kufariki. Mama yake, Blanche wa Navarra, alishika hatamu za jimbo hadi 1222. Mwaka 1234 Thibaud akamrithi mjomba wake, Sancho VII, akawa mfalme wa Navarra huku akibaki mtawala wa Champagne. Mwaka 1239 akaongoza msafara wa Vita vya Msalaba. Novemba ya mwaka huo sehemu ya jeshi lake, iliyokwenda mbele bila kumsikiliza, ilipigwa vibaya karibu na Gaza. Baadaye akautumia uhasama kati ya mtawala wa Dameski na yule wa Misri, akapata kwa mazungumzo ardhi ambayo upanga ulishindwa kuipata. Septemba 1240 akapanda merikebu kurudi kwao.

Mpaka hapo hakuna ubishi. Ngano inaanzia kwenye mizigo: inasema alirudi na waridi la Dameski, mche wa mzabibu wa Kupro, na kipande cha Msalaba wa Kristo.

Kuhusu mche, vinasaba vimekwisha kutoa ushahidi. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani na Ufaransa walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kulinganisha vinasaba vya mizabibu ya kaskazini-mashariki mwa Ufaransa. Mzabibu uliozaliwa kwa mbegu huchukua nusu ya vinasaba kwa kila mzazi, kwa hiyo ukipima sehemu nyingi za kutosha, wazazi hujitokeza wenyewe. Chardonnay ni mtoto wa Pinot na Gouais Blanc. Ina ndugu wa tumbo moja kadhaa, wakiwemo Gamay, Aligoté na Melon. Wazazi hao wawili walikuwa wakipandwa jirani kwa jirani katika mashamba ya sehemu hizo enzi za kati, na hapo ndipo chavua ya mmoja ilipomfikia mwenzake. Kaskazini mwa mji wa Mâcon, kusini mwa Burgundy, kuna hata kijiji kinachoitwa Chardonnay.

Kinachotuchekesha ni kwamba Gouais Blanc ilikuwa zabibu ya wakulima wadogo, iliyodharauliwa na mabwana. Ngano imeipa Chardonnay ukoo wa kifalme ng'ambo ya bahari, na kumbe mzazi wake mmoja alikuwa akipandwa pembezoni, kwenye ardhi ambayo hakuna aliyeitaka.

Hata bila maabara, mkulima wa mizabibu angeitilia shaka hadithi hii. Aina ya mzabibu haitunzwi kwa mbegu, kwa sababu mbegu huzaa mche tofauti na mama. Hutunzwa kwa vipande vya matawi, na vipande hivyo hukatwa wakati wa baridi, mti ukiwa umepukutisha majani na kulala. Thibaud aliondoka Septemba. Tawi la kijani lililokatwa Septemba katika joto la Mediterania hukauka baada ya siku chache.

Na kwa nini Kupro, si Yerusalemu wala Akka? Tuna dhana, na muipokee kama dhana. Thibaud alikuwa na kesi ndefu na binamu yake Alix, malkia mjane wa Kupro, binti wa Henri II, mtawala wa zamani wa Champagne; Alix alidai kwamba jimbo hilo ni haki yake. Mwaka 1234 walisuluhishwa: Alix alipata livre 40,000 (fedha ya Ufaransa ya wakati ule) na pato la kila mwaka, akaachia madai. Thibaud hakuwa na fedha hizo. Taji la Ufaransa lilimlipia, na kwa kubadilishana akaliachia mamlaka yake juu ya Blois, Chartres, Sancerre na Châteaudun. Kwa hiyo watu wa Champagne walilijua jina la Kupro vizuri, na halikuwa jina la bei rahisi.

Na waridi je? Hilo angalau alilileta?

Waridi linalodaiwa kutokana na hilo ni la Provins, mji wa Champagne, nalo ni Rosa gallica, jamii ambayo asili yake ni Ulaya ya kati na ya kusini. Waridi la Dameski ni chotara, na Rosa gallica ni mmoja wa wazazi wake. Kwa hiyo la Provins haliwezi kuwa limetokana na la Dameski. Ni sawa na kusema mama amezaliwa na bintiye. Kilicho kweli ni kwamba Provins ilisifika kwa biashara ya maua hayo, yaliyokaushwa kwa ajili ya dawa na marashi.

Inasemekana Thibaud alimpenda Malkia Blanche wa Castile, na kwamba alimpa mumewe sumu. Mbona chupa ya sherehe inapewa jina la mtu wa namna hiyo?

Habari ya sumu ilikuwa uvumi wa wakati ule, na aliyeupa nguvu ni Thibaud mwenyewe. Mwaka 1226 Mfalme Louis VIII aliuzingira mji wa Avignon. Sheria ya ukabaila ilimtaka kila mtawala wa jimbo amtumikie mfalme vitani siku 40. Zilipotimia, Thibaud alikunja mahema akarudi kwake bila ruhusa, mji ukiwa bado haujaanguka. Novemba 8 mfalme akafariki njiani, huko Montpensier. Wanahistoria wanataja kuhara damu, ugonjwa uliokuwa umeisumbua kambi nzima. Lakini mtu akiondoka kwa hasira na mwenye nyumba akafa miezi michache baadaye, maneno hayakosi.

Mapenzi nayo yanasomwa kutoka kwenye nyimbo zake. Thibaud alikuwa mtunzi hodari, na makumi ya tungo zake yamebaki hadi leo, nyingi zikimlilia bibi asiyetajwa jina. Kumlilia bibi wa daraja la juu asiyefikika ilikuwa kanuni ya sanaa yenyewe, kama mshairi wetu anavyofungwa na vina na mizani. Haithibitishi kitu. Blanche alizaliwa 1188, akimzidi umri kwa miaka 13. Baada ya mfalme kufa, Thibaud alijiunga kwanza na mabwana waliomwasi malkia, kisha akawaacha akahamia upande wake, na mabwana hao wakamshambulia kwa kuwageuka. Hilo la siasa lina ushahidi. Yaliyobaki ni ya waimbaji.

Je, familia ya Taittinger ni wazao wa watawala hao?

La. Ukoo wa watawala uliingia katika taji la Ufaransa: Jeanne, mjukuu wa Thibaud, aliolewa mwaka 1284 na Philippe, aliyekuwa mfalme mwaka uliofuata. Familia ya Taittinger asili yake ni Lorraine. Pierre Taittinger alilifahamu eneo la Champagne akiwa mwanajeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1932 akanunua kasri la Marquetterie huko Pierry pamoja na biashara ya divai iliyoanzishwa 1734 na Jacques Fourneaux. Mwaka 2005 nyumba hiyo iliuzwa kwa wawekezaji wa Marekani, na mwaka 2006 Pierre-Emmanuel Taittinger akairudisha mikononi mwa familia kwa kushirikiana na benki ya ushirika ya eneo hilo.

Uhusiano wao na watawala ni wa mawe, si wa damu. Katika mtaa wa Tambour mjini Reims kuna jumba la karne ya 13 linaloitwa Makazi ya Watawala wa Champagne. Liliharibiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, na Taittinger ndio waliolinunua na kulikarabati. Mapokeo yanasema watawala walifikia hapo walipokuja kutawazwa kwa wafalme. Msomaji makini akumbuke kwamba mji wa Reims wenyewe ulikuwa chini ya Askofu Mkuu; makao ya watawala yalikuwa Troyes, kusini zaidi, na utajiri wao ulitoka kwenye magulio makubwa sita ya mwaka: mawili Troyes, mawili Provins, na mojamoja Lagny na Bar-sur-Aube. Nguo za Flanders na viungo vya mashariki ndivyo vilivyowatajirisha. Divai ilikuwa bidhaa ndogo katika hesabu zao.

Chupa yenyewe ni changa: mavuno ya kwanza ya Comtes de Champagne ni ya 1952. Ile ya rangi ya waridi ilianza na mavuno ya 1966.

Karamu za Thibaud zilikuwa na shampeni ya viputo?

Hazikuwa nayo, na isingewezekana. Divai ya Champagne wakati ule ilikuwa tulivu, ikikaa kwenye mapipa na kunywewa kabla haijafikisha mwaka. Baridi kali ya kule huilaza hamira wakati wa kipupwe sukari ikiwa haijaisha. Majira ya kuchipua yakifika, hamira huamka na kuanza upya kutoa hewa ukaa. Ndani ya pipa hewa hiyo hupenya mbaoni ikapotea. Ili ibaki ndani ya divai unahitaji kioo kinene kisichopasuka na kizibo kinachobana kwelikweli, na vitu hivyo viwili havikuwapo pamoja mpaka karne ya 17. Mwaka 1662 Mwingereza Christopher Merret aliieleza Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, jinsi wafanyabiashara wa divai walivyoongeza sukari ili divai ichangamke. Ufaransa, amri ya mfalme ya 1728 ndiyo iliyoruhusu divai ya Champagne kusafirishwa ikiwa kwenye chupa, na nyumba za kwanza za shampeni zilianza mara baada ya hapo.

Mtawa Dom Pérignon wa Hautvillers, anayesifiwa kwa kuvumbua viputo, alihangaika zaidi kuvizuia. Sifa yake ya haki ni ustadi wa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali.

Mapango ya Saint-Nicaise mjini Reims, Taittinger wanakolaza divai, yana umri gani, na kwa nini divai iwekwe ndani ya chaki?

Hapa ndipo urithi wa kweli ulipo, na kwetu una uzito kuliko ngano yote ya mche. Warumi walichimba chaki chini ya Reims kwa ajili ya kujengea. Walianza na tundu dogo juu, wakawa wanapanua kadiri wanavyoshuka, hata shimo likawa na umbo la piramidi. Sababu ni ya kifundi: mdomo mwembamba huzuia mvua na barafu visiharibu kuta, kwani chaki iliyolowa ikiganda hupasuka. Taittinger huyataja mashimo yao kuwa ya karne ya 4, na yanashuka hadi mita 18 hivi.

Juu ya mashimo hayo wamonaki wa Mtakatifu Nicaise walikuwa na abasia, na mwaka 1231, Thibaud akiwa mtawala, mjenzi Hugues Libergier akaanza kanisa jipya lililosifiwa kuwa miongoni mwa mazuri kabisa ya wakati wake. Wamonaki waliyaunganisha mashimo kwa njia za chini na kuyafanya maghala ya divai. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kanisa liliuzwa kama mawe ya ujenzi, likabomolewa. Zimebaki ngazi, matao na vipande vichache chini ya ardhi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wakazi wa Reims walijificha katika mashimo kama haya mabomu yakiuangukia mji. Kilima cha Saint-Nicaise ni sehemu ya urithi wa dunia ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2015.

Kwa divai, chaki hufanya mambo mawili: hushika joto la nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima, na hunyonya na kuachia maji hivi kwamba hewa huwa na unyevu daima. Joto likipanda na kushuka, divai ndani ya chupa hutanuka na kusinyaa, na kizibo huchoka. Tena, hamira ikifanya kazi kwenye baridi huenda polepole, na viputo huwa vidogo.

Naomba hatua za kutengeneza shampeni hii kwa vipimo, si kwa sifa.

Zabibu huvunwa kwa mkono, maana sheria ya Champagne inataka vishada vifike kwenye mtambo vikiwa vizima. Kwa Comtes nyeupe ni Chardonnay tupu kutoka vijiji vitano vya daraja la juu katika Côte des Blancs: Avize, Cramant, Chouilly, Oger na Le Mesnil-sur-Oger.

Mkamuo mmoja ni kilo 4,000. Sheria inaruhusu kutoa lita 2,550 tu: za kwanza 2,050 ndizo bora, na 500 zinazofuata ni za daraja la pili. Comtes hutumia zile za kwanza peke yake. Ukizidi kukamua, ukali wa asidi hupungua na ukakasi wa maganda huongezeka, na divai isiyo na asidi ya kutosha huchoka kabla ya miaka kumi.

Mchemko wa kwanza wa hamira hutoa divai tulivu yenye kilevi cha asilimia 11 hivi. Kiasi cha asilimia 5 huwekwa miezi minne kwenye mapipa ya mwaloni. Hicho ni kidogo kwa makusudi: kinatoa harufu ya mkate uliobanikwa bila kuifanya divai inuke mbao. Kisha divai za vijiji huchanganywa.

Sasa ndipo viputo vinapotengenezwa. Divai hutiwa kwenye chupa pamoja na hamira na sukari, gramu 24 hivi kwa lita. Kipimo cha kukumbuka ni gramu 4 za sukari kwa kila mara moja ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, kwa hiyo gramu 24 hutoa mgandamizo wa mara 6. Kabla ya miaka ya 1830 watengenezaji walikisia, na chupa zikapasuka mapangoni kwa mafungu, moja ikiangusha jirani yake. Aliyewaokoa alikuwa mfamasia wa Châlons, Jean-Baptiste François, aliyeonyesha namna ya kupima sukari iliyobaki kwenye divai kabla ya kuongeza nyingine.

Mchemko huu wa pili huchukua wiki 6 hadi 8. Baada ya hapo hamira hufa, ikawa mashapo, na ikaanza kuvunjikavunjika polepole huku ikiipa divai ladha ya mkate mtamu, lozi na siagi. Sheria inataka shampeni ya mavuno ya mwaka mmoja ikae angalau miaka 3. Comtes hulala Saint-Nicaise miaka 8 hadi 10. Ukiuliza bei inatoka wapi, sehemu kubwa ni huu usingizi. Mtaji umelala pale chini bila kuingiza hata senti.

Mashapo lazima yatoke. Chupa huzungushwa kidogokidogo huku ikiinamishwa, mpaka inasimama kichwa chini na uchafu wote umekaa shingoni. Kwa mkono ni wiki 4 hadi 6, kwa mashine ni wiki moja. Hatua hii ikiharakishwa, vumbi laini hubaki likielea, nalo baadaye hufanya chupa ilipuke povu inapofunguliwa. Shingo huchovywa kwenye maji ya chumvi yenye baridi ya nyuzi 27 chini ya sifuri, mashapo yanaganda kuwa kipande cha barafu, kifuniko kinafunguliwa na mgandamizo unakisukuma nje. Nafasi iliyobaki hujazwa divai yenye sukari kidogo. Kizibo chenye upana wa milimita 30 hivi hubanwa kuingia kwenye shingo ya milimita 18, waya unafungwa, na chupa hupumzishwa tena miezi kadhaa ili sukari na divai vizoeane.

Nilifungua shampeni ya bei kubwa, theluthi nzima ikamwagika mezani. Iliyobaki, kwenye glasi ilikaa kama maji. Niliuziwa bandia?

Haielekei. Hayo ni makosa mawili tofauti, na yote mawili hutokea mezani.

Kumwagika: chupa ilikuwa na joto au ilitikiswa, pengine vyote. Hewa ukaa hutulia ndani ya divai baridi na hukimbia divai ya joto. Iweke kwenye ndoo ya nusu barafu, nusu maji, kwa dakika 30. Barafu peke yake haitoshi, kwa kuwa inagusa chupa sehemu chache tu, maji ndiyo yanayoizunguka yote. Kwenye friji ni saa 4. Kwenye friza usithubutu: divai ikiganda hutanuka na chupa inaweza kupasuka. Lengo ni nyuzi 8 hadi 10; kwa iliyokaa miaka mingi kama hii, 10 hadi 12, maana baridi kali huficha harufu ulizozilipia.

Kufungua: ondoa karatasi ya juu. Weka dole gumba juu ya kizibo na usilitoe tena. Legeza waya kwa nusu mizunguko sita, lakini uache palepale, unakusaidia kushika. Inamisha chupa nyuzi 45, mdomo usielekee mtu wala taa. Shika kizibo imara, uzungushe chupa kwa kuishika chini. Usizungushe kizibo, kinaweza kukatika. Kikianza kusukuma, kizuie kitoke taratibu. Sauti inayotakiwa ni kama mtu anavyoshusha pumzi. Mlio wa bunduki ni gesi inayopotea, na kizibo kinachoruka kinaweza kupofua jicho.

Glasi isiyo na viputo ni jambo la kushangaza kidogo: viputo havizaliwi ndani ya divai yenyewe, vinazaliwa kwenye nyuzinyuzi za vumbi au za kitambaa zilizonasa kwenye kioo, ambazo zina hewa ndani yake. Mafuta au mabaki ya sabuni yakizifunika, hakuna kiputo. Osha kwa maji ya moto, suuza sana, kisha futa kwa kitambaa safi cha pamba. Tumia glasi yenye tumbo kiasi na mdomo uliobana. Ile pana kama bakuli inapoteza gesi haraka, na ile nyembamba kama filimbi haikupi nafasi ya kunusa. Mimina kidogo, subiri povu lishuke, kisha ongeza hadi theluthi mbili. Chupa ya mililita 750 hutosha glasi 6 au 7.

Maneno kwenye lebo yana maana gani?

Blanc de blancs: divai nyeupe ya zabibu nyeupe tupu. Mwaka ukiandikwa, zabibu zote ni za mavuno ya mwaka huo. Brut: sukari chini ya gramu 12 kwa lita, msichanganye na Sec, ambayo kwa neno ni "kavu" lakini ina gramu 17 hadi 32. Grand cru: vijiji 17 vya daraja la juu. Herufi NM zilizo kwenye maandishi madogo chini ya lebo zinamaanisha nyumba inayoruhusiwa kununua zabibu kwa wakulima wengine. RM ni mkulima anayetengeneza kwa zabibu zake. Herufi hizo hazipimi ubora.

Nilipewa chupa kama zawadi, ikakaa sebuleni kwenye kabati la vioo miaka miwili. Bado nzuri?

Inategemea mwanga kuliko miaka. Mwanga wa jua, na hata wa taa za tyubu, huamsha ndani ya divai harufu ya kabichi iliyochemshwa, na shampeni za Chardonnay huumia upesi. Ukiifungua ukasikia harufu ya boksi lililolowa, hilo ni kosa jingine, la kizibo, na aliyekupa zawadi hana hatia. Kama bado hujaifungua, ihamishie leo mahali penye giza na ubaridi usiobadilika, mbali na jiko na mbali na mtikisiko.

Kijiko cha fedha mdomoni mwa chupa iliyobaki kinazuia gesi?

Hakizuii. Kinachosaidia ni baridi ya friji na kizibo chenye kibanio kinachoshika ukingo wa shingo. Ukifanya hivyo, siku ya pili bado ina viputo vya kutosha. Ya tatu, itie kwenye mchuzi wa samaki.